Mgeni Anapokuja na Jembe Lake

Mwezi Novemba 2017, wakazi wa Albinen, kijiji cha watu wapatao 240 kilichoshikilia ubavu wa mlima katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, walikutana kupiga kura juu ya jambo ambalo muda si muda lilikuwa limezunguka dunia nzima. Kura 71 zilikubali, 29 zilikataa: kijiji kitampa kila mtu mzima aliye chini ya miaka 45 faranga 25,000, na kila mtoto faranga 10,000, wakija kuishi hapo. Familia ya watu wanne ingepata faranga 70,000. Habari ikasambaa huku masharti yake yakipukutika njiani, na maombi yakamiminika kutoka nchi ambazo jina la Valais halijawahi kusikika. Wengi walielewa kwamba Uswisi inawalipa watu wakaishi mlimani. Waliosoma hadi mwisho walikuta mengine. Mpokeaji awe raia wa Uswisi, au mgeni mwenye kibali cha C, ambacho wageni wengi kutoka nje ya Ulaya hukipata baada ya kuishi nchini miaka 10. Anunue, ajenge au akarabati nyumba yenye thamani isiyopungua faranga 200,000. Nyumba hiyo iwe makazi yake ya kudumu, isiwe ya likizo. Kisha akae miaka 10, na akiondoka kabla ya hapo, fedha zirudi.

Mkataba huo unafaa kusomwa neno kwa neno, maana unaonyesha kijiji kinajiona kimepungukiwa na nini. Wapenda mandhari hawakupungua. Hao hupanda milima ya Valais kila msimu. Wenye fedha za kujenga nyumba za mapumziko hawakupungua pia, ndiyo maana wakatajwa ili wazuiwe. Walichokuwa wakinunua watu wa Albinen ni miaka: kumi, tena mfululizo, ya mtu mwenye nguvu zake na watoto wake, baada ya familia kuhama na shule ya kijiji kufungwa. Serikali ya jimbo la Trento, kaskazini mwa Italia, ilipokuja na mpango wake mwaka 2025, iliahidi hadi euro 100,000, yaani 80,000 za ukarabati na 20,000 za ununuzi, kwa wanaofufua nyumba kuukuu katika maeneo 33 yanayopoteza watu. Sharti lilikuwa kuishi humo, au kuipangisha nyumba kwa kodi nafuu, kwa miaka 10. Nchi mbili zisizo na sheria moja zikaafikiana juu ya muda. Hoja yangu katika sura hii inaanzia hapo. Anayetaka kuhamia mji mdogo wa Alps akiwa na kazi yake mtandaoni hujiuliza kama ataimudu kodi ya nyumba, kama intaneti ina kasi, kama atapata kibali. Mji nao una swali lake, la zamani zaidi: huyu atafanya nini pamoja nasi? Na kazi ya mtandaoni, kwa umbile lake, inamwezesha mtu mzima mwenye afya njema kuishi mlimani miaka mingi bila kulijibu swali hilo.

Ili kuelewa kwa nini mji uulize hivyo, twende kijiji kingine cha Valais, Törbel, ambacho kumbukumbu zake zimefanyiwa kazi kubwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert Netting, alikichunguza na kuandika kitabu juu yake mwaka 1981. Kisha Elinor Ostrom, ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akakitumia kama mfano mkubwa katika kitabu chake cha 1990 kuhusu mali za pamoja. Tarehe 1 Februari 1483, watu wa Törbel waliweka saini hati ya kuunda umoja wa kusimamia malisho ya juu, misitu na ardhi isiyolimwa. Mwaka 1517 wakaweka kanuni kwamba mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni hiyo inaonekana ndogo mpaka mtu aifikirie vizuri. Wakati wa baridi ng'ombe hula nyasi kavu; nyasi kavu hukatwa kwa mkono kwenye miteremko mikali, hugeuzwa juani, hufungwa mizigo na kubebwa hadi ghalani. Kwa hiyo haki ya mtu kwenye malisho ya wote ilipimwa kwa jasho lake kwenye shamba lake mwenyewe. Tajiri hakuweza kununua makundi ya ng'ombe wakati wa kiangazi, ayamwage malishoni, ayauze kabla ya theluji. Na hati ile ya 1483 ilitaja jambo moja waziwazi: mtu wa kuja aliyenunua au kukalia ardhi Törbel hakupata kwa hilo haki yoyote kwenye malisho ya pamoja, wala ruhusa ya kukata mti msituni. Nyumba ilikuwa yake. Uanakijiji haukuwa wake.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya karne ya 15. Mengi yamepita kweli. Uswisi ya leo ni nchi ya benki, dawa na mashine, na wafugaji wamekuwa sehemu ndogo sana ya watu wake. Ila mpango wa kazi za pamoja umebaki mahali ambapo mtalii hapaoni. Katika majimbo mengi ya Uswisi mkazi ana wajibu wa kuhudumu katika kikosi cha zimamoto cha mahali pake, na asiyehudumu hulipa kodi maalumu badala yake. Viongozi wa vijiji vidogo wengi ni watu wenye kazi zao za kila siku, wanaoendesha barabara, maji na shule jioni, kwa posho tu. Valais ni jimbo kavu kuliko mtu anavyodhani akiona theluji yake, na kwa karne nyingi limeishi kwa mifereji inayoshusha maji ya barafu kutoka juu, mingine ikiwa imening'inizwa kwenye magenge kwa mbao. Wenyeji wanaosema Kijerumani huiita Suonen, wanaosema Kifaransa huiita bisses. Kila mwaka mifereji hiyo huhitaji watu wa kuzoa matope na mawe, na zamu za maji huhitaji watu wanaoaminiana. Mwaka 2023 umwagiliaji huu wa jadi, pamoja na wa nchi nyingine 6 za Ulaya, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Msomaji aliyekulia Uchaggani, kwenye mifongo, au Upareni, ambako watu bado wanaitwa kwenye msaragambo, hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba mfereji hubaki hai kwa sababu kuna orodha ya majina, na kwamba asiye katika orodha hunywa maji ya wenzake.

Kiswahili kimekwisha kulisema jambo hili kwa ufupi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisikia methali hiyo kama onyo kwa mgeni mvivu. Nadhani ina upande mwingine ambao ni muhimu zaidi kwa mada yetu, nao uko katika neno "mpe". Jembe linatolewa na mwenyeji. Kwa kulitoa, mwenyeji anakubali kwamba aliyeketi barazani sasa ana shamba la kuendea pamoja naye, na kwa kulipokea, mgeni anapata jina, jirani wa kulima naye, mtu wa kumuuliza kesho mbona hakuonekana. Wahamiaji wa zamani katika miji ya Alps walipitia hapo bila kupanga. Mwalimu aliyepelekwa kutoka tambarare, mwashi kutoka Italia, mhudumu wa hoteli kutoka Ureno: kila mmoja aliajiriwa na mji, na mji ulimfahamu kwa kazi yake kabla ya kumfahamu kwa jina. Mwenye kazi ya mtandaoni anakuja na jembe lake begani. Bosi wake yuko London au Nairobi, mshahara wake unaingia kwa simu, na shamba analolima halionekani kutoka dirishani. Hamwombi mwenyeji chochote zaidi ya ufunguo wa nyumba. Uhuru huo ndio unaomvutia, na ndio unaomwacha asijulikane na mtu hata baada ya miaka mitatu.

Kuna jibu la haraka linalotolewa hapa, na lina uzito: miji hii haijawahi kuishi kwa jasho la ndani peke yake. Ni kweli. Engadin, bonde refu la mashariki mwa Uswisi, lilipeleka vijana wake nje kwa vizazi vingi kuwa waokaji na watengenezaji wa vitamutamu. Walijaa Venice mpaka mwaka 1766, mji huo ulipowafukuza, wakatawanyika kwenda miji mingine ya Ulaya. Waliofanikiwa walirudi na fedha, wakajenga nyumba ambazo leo ndizo zinazopigwa picha. Katika Kiromanshi, lugha ya bonde hilo, waliokuwa wakirudi majira ya joto waliitwa randulins, mbayuwayu. Basi mshahara unaotoka mbali una historia ndefu milimani. Lakini mtazame mbayuwayu anarudi wapi. Alikuwa ametoka kwenye nyumba yenye jina, mama yake alikuwa kanisani kila Jumapili, ndugu yake alikuwa akikata nyasi za wote wawili. Mwili ulikuwa mbali, uanachama ulikuwa nyumbani. Kwa mfanyakazi wa mtandaoni mambo yamegeuka: mwili uko mjini, mengine yote yako mbali. Fedha zinaweza kuwa zilezile, hata zaidi. Tofauti iko katika kile kinachobaki fedha zikikatika. Mbayuwayu aliyefilisika Venice alirudi kijijini. Huyu wa leo, akipoteza kazi yake, ndiyo siku anayoondoka.

Wakati huohuo kuna kitu anachokichukua hata asipokusudia, nacho ni paa. Hapa ushahidi ni mwingi na unauma. Tarehe 11 Machi 2012, Waswisi walipiga kura juu ya pendekezo lililoongozwa na mwanamazingira Franz Weber, wakalipitisha kwa asilimia 50.6 tu: kijiji ambacho nyumba zake za pili zimevuka asilimia 20 ya nyumba zote kisiruhusu mpya. Sheria kamili ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2016. Ilizuia zege, na kwa hilo ilifanya kazi yake. Lakini iliacha mlango mmoja wazi: nyumba zilizokuwapo kabla ya siku ile ya kura zilibaki huru, mwenye nayo akiweza kuifanya ya likizo akitaka. Janga la korona lilipowafundisha watu wa mijini kwamba ofisi inaweza kuwa popote, wengi wakaupitia mlango huo. Katika Engadin ya Juu, karibu na St. Moritz, majengo ya zamani waliyopanga mafundi, wauguzi na madereva wa mabasi yalianza kukarabatiwa na kuuzwa kwa wageni matajiri, na wapangaji wakatakiwa kuhama katika bonde ambalo nyumba ya kuhamia haipo. Tyrol ya Austria imejiwekea kikomo kikali zaidi, asilimia 8 ya nyumba za mapumziko katika kila mji, na bado kuna miji iliyokwisha kukipita zamani. Mwenye kazi ya mtandaoni atasema yeye si tajiri wa St. Moritz, anapanga, anaishi humo mwaka mzima, analipa kodi. Ni kweli, na katika Uswisi, ambako kodi ya mapato hugawanywa kati ya shirikisho, jimbo na kijiji, kulipa kodi pale unapoishi si jambo dogo. Hata hivyo, mshahara wake unashindana na wa muuguzi kwa chumba kilekile, na yeye anaweza kuuhamisha mshahara huo mpaka bonde la pili. Muuguzi hawezi kuihamisha hospitali.

Pingamizi zito zaidi ni la kifo. Kijiji kinachokufa, wanasema, hakina nafasi ya kuchagua mgeni. Dirisha lenye taa ni bora kuliko lililofungwa, yeyote awe nyuma yake. Tuwe wazi kwamba si Alps yote inayokufa. Eneo hilo lina nchi 8 na watu takriban milioni 14, na miji ya mabondeni kama Innsbruck, Bolzano na Grenoble ina pilika kama mji wowote wa Ulaya. Vinavyokufa ni vijiji vya juu na vya pembeni. Corippo, katika bonde la Verzasca, Uswisi, kiliwahi kuwa kijiji chenye serikali yake kikiwa na wakazi kama dazeni moja, mpaka kilipounganishwa na majirani mwaka 2020. Leo nyumba zake kadhaa za mawe ni vyumba vya hoteli. Taa zinawaka Corippo. Watoto hawazaliwi. Upande wa pili uko Ostana, juu katika bonde la Po, Piemonte, Italia, ambako wakazi walipungua kutoka zaidi ya 1,000 mapema karne iliyopita hadi wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono waliobaki msimu wa baridi katika miaka ya 1980. Mwezi Januari 2016 akazaliwa mtoto wa kwanza baada ya miaka 28, kijiji kikiwa na watu wapatao 85, na magazeti ya dunia yakaandika. Yaliyosahau kuandika kwa kirefu ni kazi ya miaka 30 iliyotangulia kuzaliwa huko: serikali ya kijiji iliyosisitiza kila ujenzi ufuate mawe na mbao za pale, wasanifu kama Antonio De Rossi na Renato Maurino waliokaa na jambo hilo muda mrefu, jumba la utamaduni la Lou Pourtoun lililofunguliwa mwaka 2015, lugha ya Kioksitani iliyoheshimiwa badala ya kufichwa. Ostana ilitengeneza majembe kwanza, ndipo ikaita watu. Kwa hiyo nawajibu wenye pingamizi hili kwamba taa dirishani zinahesabika tu pale zinapoendana na jina kwenye daftari la shule au orodha ya zimamoto. Nisingeukatalia mji maskini haki ya kupokea yeyote. Najua hofu ya wazee wanaoona duka la mwisho likifungwa. Nasema tu kwamba duka hufungwa pia katika mji uliojaa watu wanaoagiza kila kitu kwa mtandao.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi, na sitaki kulipita kwa haraka, kwa sababu linawahusu moja kwa moja watu wenye ngozi na pasipoti kama za wasomaji wengi wa kitabu hiki. Je, sifa hii yote ya uanachama na jembe si jina zuri la ubaguzi? Hati ya Törbel ilimfungia mgeni malisho hata kama angefanya kazi usiku na mchana. Nchi iliyojivunia demokrasia ya vijiji iliwanyima wanawake wake kura ya kitaifa hadi 1971, na jimbo la Appenzell Innerrhoden lilisubiri kuwapa kura za jimbo mpaka mahakama ya shirikisho ikalilazimisha mwaka 1990. Huko Emmen, karibu na Lucerne, wapigakura walikuwa wakiamua kwa kura ya siri nani apewe uraia. Mwaka 2000 familia zenye asili ya Italia zilikubaliwa na karibu wote wengine, wengi wao kutoka nchi za Balkani, wakakataliwa, hadi mahakama hiyohiyo ilipopiga marufuku utaratibu huo mwaka 2003. Historia hiyo haifutiki kwa kusifia mifereji. Anayetoa jembe anaweza pia kulinyima, na mara nyingi amemnyima mtu kwa sababu ya jina lake tu. Jibu langu ni kwamba dhuluma hiyo inaponywa kwa kumfungulia mgeni wajibu na haki kwa pamoja, si kwa kumwachia aishi pembeni bila vyote viwili. Jimbo la Graubünden, ambako Engadin ipo, linaruhusu kila kijiji kuamua kama wageni wapige kura katika mambo ya kijiji, na vipo vilivyokwisha kufanya hivyo. Huo ndio mwelekeo ninaoutetea: mtu anayelipa kodi, anayezima moto na kuzoa matope ya mfereji asimame mkutanoni ainue mkono, hata kama alizaliwa Kigoma. Anayetaka kuishi bila kuzoa matope hana sababu ya kulalamika kwamba hakuitwa mkutanoni.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna ukuta mwingine kabla ya mlango wa kijiji, na ni wa karatasi. Uswisi haina viza ya mfanyakazi wa mtandaoni. Raia wa Umoja wa Ulaya huingia kwa makubaliano ya uhuru wa kutembea yaliyoanza 2002. Sisi wengine tunagawana vibali 8,500 kwa mwaka kwa nchi zote za nje ya Ulaya, navyo ni vya wataalamu ambao mwajiri wa Kiswisi amethibitisha kwamba hakupata mfano wao Uswisi wala Ulaya. Mtu anayeajiriwa na kampuni ya Nairobi hana mwajiri wa kumwombea. Italia ilifungua mlango mwaka 2024, baada ya sheria ya 2022 kukaa miaka miwili bila kanuni: mwombaji awe na ujuzi wa juu, uzoefu wa kazi ya mbali wa angalau miezi 6, bima ya afya, mahali pa kuishi, na kipato cha kama euro 25,000 kwa mwaka au zaidi. Kibali ni cha mwaka mmoja na huweza kuongezwa. Wengi hupotoka kwa kudhani kwamba kwa kuwa fedha zinatoka kwingine, kodi pia itabaki kwingine. Kwa kawaida kazi huhesabiwa imefanyika pale mwili wa mfanyakazi ulipo. Aliyekaa Italia sehemu kubwa ya mwaka ni mlipakodi wa Italia. Naona sheria hii ni ya haki, tena ni njia ya kwanza, ya lazima, ambayo mtu anaanza kubeba sehemu ya mzigo wa mahali. Nayo inatuhusu sisi kama wenyeji pia. Kenya ilitangaza kibali chake cha wafanyakazi wa aina hii mwaka 2024, na yale Engadin iliyokwisha kuyaona kwenye kodi za nyumba yanaweza kuwafikia wapangaji wa Diani au Lamu, wakiwa hawana kikomo cha asilimia 20 cha kuwakinga.

Juu ya maisha yenyewe nitasema machache, kwa kuwa miongozo ya wasafiri imejaa habari hizo. Lugha ya kijiji si ile ya darasani: Kijerumani cha Valais humshinda hata mtu wa Berlin, na katika vijiji vya Kiromanshi mtoto huanza shule kwa Kiromanshi. Bima ya afya ya Uswisi ni ya lazima, na mgeni anatakiwa kuikata ndani ya miezi 3. Jambo moja ambalo picha haziwezi kuonyesha ni kivuli. Huko Viganella, katika bonde la Antrona kaskazini mwa Italia, mlima unalifunika jua kuanzia tarehe 11 Novemba hadi 2 Februari, na kwa siku hizo 83 hakuna mwale unaogusa uwanja wa kijiji. Mwaka 2006 wakazi walisimamisha juu ya mteremko wa pili kioo cha chuma chenye upana wa mita 8 na kimo cha mita 5, kinachogeuka kulifuata jua na kulirusha uwanjani. Kioo hicho hakiangazi kila nyumba. Kinaangaza uwanja, mahali pa kukutania, na anayetaka jua lake lazima atoke ndani akasimame na wengine.

Na kuna mlima wenyewe. Tarehe 19 Mei 2025, wakazi wapatao 300 wa Blatten, katika bonde la Lötschen huko Valais, waliamriwa kuondoka kwa sababu mawe yalikuwa yakimiminika juu ya barafu ya Birch iliyo juu yao. Waliondoka pamoja na mifugo. Ng'ombe mmoja aliyejeruhiwa alibebwa kwa helikopta. Siku 9 baadaye, tarehe 28, barafu na mwamba vikaanguka kwa pamoja na kukizika karibu kijiji kizima. Mtu mmoja alikufa. Walionusurika walinusurika kwa sababu kulikuwa na watu wa kuupima mlima, wa kupiga hodi kila mlango, na wa kujua nani analala wapi na nani hawezi kutembea mwenyewe. Elimu hiyo ya mwisho haipatikani kwa satelaiti. Baadaye kijiji kiliamua kwamba kitajengwa tena. Mwenye kazi ya mtandaoni, kama angekuwa akiishi Blatten siku ile, angekuwa wa kwanza kuweza kujitegemea: angefunga kompyuta yake, ashuke bondeni, na Jumanne asubuhi awe kazini katika chumba chochote chenye meza, bila kukosa mshahara wa saa moja. Jirani yake mfugaji angekuwa bado anatafuta zizi la kuazima. Kama huyo wa kwanza angemsaidia kulitafuta, na kama angekuwepo kwenye mkutano wa kuamua msingi wa kwanza uchimbwe wapi, hilo lingetegemea alikuwa ameishije hapo kabla ya tarehe 19.